Bega Langu na Bunduki ya Tembo

Jumamosi, 2 Septemba

Siku mbaya. Ilianza vizuri, hilo ndilo linaloniuma.

Nilifika uwanja wa shabaha saa tatu asubuhi, chupa ya kahawa mkononi, raifo ya marehemu baba begani, risasi ishirini mfukoni. Royce alikuwa ameshafika. Kwa kawaida Royce akiniona huinua mkono na kunitajia upepo unakotoka. Leo hakuinua kitu. Alikuwa amenipa mgongo. Wote walikuwa wamenipa mgongo, wanaume sita, kofia sita, wameinamia meza ya nne kana kwamba kuna mtoto mchanga amelazwa pale.

Kumbe ni Preston Vandermeer. Alihamia hapa Kettle Butte mwezi wa Mei kutoka California. Amestaafu. Ana meno yake yote. Mezani alikuwa amelaza bunduki mpya rangi ya mchanga, mtutu mrefu kama bomba la pazia. Lyle wa duka la bunduki alisema, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, kwamba darubini yake peke yake inaipita pikapu yangu kwa thamani. Sikujua pikapu yangu inahusikaje. Inawaka kila siku.

Mtu akauliza bei ya risasi. Preston akasema dola saba na nusu. Nikasema si mbaya kwa boksi. Akasema hapana, Bwana Verlin, moja. Moja! Mimi nanung'unika nikilipa dola mbili na senti zake. Halafu, huku akitabasamu, akaanza kuzigawa. Mbili kwa kila mtu. Kama njugu harusini.

Royce akapiga. Halafu akacheka. Nakijua kicheko kile. Mara ya mwisho nilikisikia mwaka tulipoangusha kulungu dume juu ya bonde la Dry Fork, na theluji ikaanza kudondoka tukiwa bado tumeshikana mabega. Kumbe siku hizi kinatoka hovyo, kwa risasi ya bure.

Zamu yangu ikaja. Nilikuwa nimepanga kukataa. Nikapiga. Kwenye mdomo wa mtutu kuna kifaa kinachotupa moshi pembeni, kikanirushia kofia hadi kwenye nyasi. Lakini teke lenyewe? Hakuna. Ni kama mtu amekugusa kwenye foleni umpishe. Nikatangaza kwamba hiyo si bunduki, ni mto wa kulalia. Hakuna aliyecheka. Royce akaniambia, "Acha hizo, Verlin. Okota kofia yako."

Hayo yote ningeyameza. Ila wakati tunakusanya maganda ya risasi nilimsikia Royce akimuuliza Preston kama anapenda milima.

Miaka ishirini na miwili! Kila Oktoba, hema moja, watu wawili, jiko moja la mafuta. Hema lile halina nafasi ya tatu. Nimelala humo, najua.

Jumapili, 3 Septemba

Kanisani. Preston alikaa benchi moja na Royce. Baada ya ibada wakasimama pamoja kwenye meza ya kahawa, Royce akimwonyesha kitu kwa mikono, juu, chini, kushoto. Huo ulikuwa mlima wetu. Namjua Royce akichora mlima wetu hewani. Nikawasogelea. Wakaanza kuzungumzia keki.

Njiani kurudi Ardith aliniuliza mbona nimekunja uso. Nikasema jua. Akatazama mawingu, halafu akaniambia, "Mume wangu, una wivu." Nikamwambia mwanamume wa miaka sitini na moja hana wivu, ana wasiwasi tu juu ya maadili ya klabu yetu ya shabaha. Akasema anamwona Preston ni mtu mpweke, mkewe alifariki mwaka jana, na mimi ningemkaribisha chakula. Nikamwambia ameshakaribishwa na wilaya nzima.

Nimefikiri mchana kutwa. Fedha sina. Darubini sina. Nina nini ambacho Preston hana? Bega! Ni Royce mwenyewe aliyewahi kusema, mbele ya watu, kwamba Verlin Haugen ana bega la ng'ombe. Na kila Jumamosi tunabishana nini, kama si bunduki ya nani inapiga teke zaidi? Mwanamume haonekani kwa bei ya risasi. Anaonekana kwa kile anachoweza kupokea begani bila kupepesa.

Ninahitaji bunduki yenye teke.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeipata! Ilikuwa kwenye ubao wa matangazo dukani kwa Lyle, kikaratasi kimeshikwa na pini yenye kutu. Mama Thorvaldson, mjane wa yule fundi mabomba, anauza raifo ya marehemu mumewe. Bunduki ya tembo.

Nikaenda moja kwa moja baada ya kazi. Mama Thorvaldson akaitoa chini ya kitanda, imefungwa kwenye blanketi. Nzito kama mtaimbo. Mdomo wa mtutu unaingia kidole gumba changu. Alinieleza kwamba marehemu alikuwa na ndoto ya kwenda Afrika. Aliinunua, akaijaribu nyuma ya nyumba, na toka siku hiyo hakuitaja tena Afrika. Nikamuuliza aliipiga mara ngapi. Mara moja, akasema. Boksi la ishirini lilikuwa na risasi kumi na tisa.

Mwingine angeuliza kwa nini. Mimi nilishaanza kumwona Royce akigeuka kunitazama.

Fedha hazikutosha, kwa hiyo nimempa dola mia nne na mashine yetu ya kusukuma theluji juu yake. Ni Septemba. Theluji iko wapi? Mama Thorvaldson aliikagua mashine, akaiwasha, akaizima, akaniuliza kama mke wangu anajua. Nikasema Ardith na mimi hatufichani.

Nimeificha gereji, nyuma ya ngazi.

Lyle anasema risasi zake siku hizi ni dola kumi na moja kila moja. Kumi na moja! Preston na saba na nusu zake! Nilitembea hadi kwenye gari nikipiga mluzi.

Jumatano, 6 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilikwenda machimbo ya kokoto saa za chakula cha mchana, peke yangu, nikaizoee kabla ya Jumamosi. Nikaegemea boneti ya pikapu. Nikalenga kopo. Nikavuta pumzi, nikafyatua.

Kilichofuata sikijui vizuri. Nakumbuka mbingu. Nakumbuka nimelala chali, kofia haipo, na sikio moja linaimba. Bunduki ilikuwa miguuni kwangu ikinitazama. Darubini ilikuwa imerudi nyuma na kunichana juu ya nyusi, duara nusu, safi kabisa, kama hilali. Damu hadi kwenye ndevu. Bega la ng'ombe sikulisikia kabisa kwa robo saa. Halafu nikalisikia.

Kopo halikuguswa. Kioo cha pembeni cha pikapu kimedondoka chenyewe kwa mshtuko.

Dukani niliwaambia kwamba boneti ya trekta ndiyo imeniangukia. Mimi nauza vipuri vya matrekta, wakaamini. Ardith hakuamini. Nilipovua shati jioni, bega lilikuwa rangi ya zabibu mbivu, na katikati yake alama ya kitako cha bunduki, hata mistari yake inasomeka. Akaniwekea pakiti ya njegere kutoka kwenye friza. Akauliza boneti moja inampigaje mtu sehemu mbili kwa wakati mmoja. Nikasema ilikuwa trekta kubwa.

Kumi na nane zimebaki. Sitaki kuziona.

Ijumaa, 8 Septemba

Mimi ni mtu mwenye akili sana. Naliandika hili bila majivuno.

Kwa nini niteseke? Risasi zangu za kulungu huwa najijazia mwenyewe gereji, mashine ninayo, baruti ninayo, fataki ninazo. Lyle alikuwa na maganda ya tembo yaliyokwishatumika, akanipa kumi kwa bei ya soda. Nikafungua kitabu cha zamani cha vipimo, ukurasa wa risasi za baruti kidogo, zile za kufundishia. Nikafuata vipimo mpaka mwisho. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa ndani ni mwana-kondoo.

Nimejaribu mbili machimboni. Pfff! Teke kama paka anayekugusa kwa mkono umpe maziwa. Gharama? Senti sabini.

Kumi zile, sasa nane, nimezipanga kwenye boksi zuri la marehemu Thorvaldson, lenye picha ya tembo. Zile kali kumi na nane nimezimwaga kwenye kopo la kahawa, juu ya rafu ileile.

Kesho!

Jumamosi, 9 Septemba

Sijui nianzie wapi. Ni siku nzuri kuliko ya harusi yangu, na Ardith asisome hapa.

Nikaingia uwanjani na bunduki ya tembo imelala mkononi. Mazungumzo yakakatika. Nikaiweka meza ya nne. Nikafungua boksi polepole ili waone picha. Lyle akasema, "Verlin, hiyo imevunja watu mitulinga." Nikamjibu kwamba inategemea ni nani.

Halafu nikanywa kahawa kidogo. Nikakishika kikombe kwa mkono wa kulia mpaka dakika ya mwisho. Nikapiga. Sikupepesa. Nikapiga ya pili nikiwa nimesimama, huku nikimuuliza Lyle habari za binti yake.

Wakapiga makofi! Royce akanijia, akanipiga bega lile lile, machozi yakanitoka, akadhani ni furaha. "Bega la chuma! Si niliwaambia?" Alisema hivyo. Mbele ya Preston.

Preston alikuja kunipa mkono. Ana tabia nzuri mno, inachosha. Aliuliza, kwa upole, mbona mlio wake umekuwa mpole kwa bunduki ya tembo. Nikamwambia chuma cha zamani kinameza sauti. Akauliza pia kwa nini risasi zote mbili zimetimua vumbi hatua thelathini kabla ya shabaha. Nikamwambia nilikuwa nalenga mashimo ya panya. Akatikisa kichwa, akasema kwamba basi ni shabaha nzuri sana.

Royce akaomba kujaribu. Kwa nini nisimpe? Nikamwonyesha namna ya kuishika, kilegevu, jicho karibu na darubini, kama unavyoshika kikombe cha chai. Akapiga. Pfff. Akageuka kwangu uso umejaa jua. Akasema miaka yote alikuwa anaogopa bunduki hizi kumbe ni maneno ya watu.

Hatukutaja milima. Preston alirudisha bunduki yake kwenye sanduku kabla ya saa sita.

Jumatatu, 11 Septemba

Tatizo dogo tu. Royce amepiga simu mara mbili kuuliza lini tutaipiga tena. Anataka kumwonyesha kaka yake. Nimesema risasi ni dola kumi na moja, tuzihurumie. Akasema atanunua yeye boksi zima. Nikamwambia zimeadimika nchi nzima.

Ardith ameuliza mashine ya theluji iko wapi. Nimesema kwa fundi. Akauliza fundi gani. Nikasema wa huko.

Jumanne, 12 Septemba

Ee Mungu.

Nilikuwa kazini, nahesabu mikanda ya feni. Ardith akapiga simu. Akasema Royce alipita nyumbani asubuhi kuazima ile bunduki. Royce na mimi huazimana tangu zamani, kabati langu ni kabati lake, Ardith akampeleka gereji. Nikauliza alichukua risasi zipi. Ardith akasema alisema hatagusa zile za kwenye boksi zuri, hizo ni za Verlin za maonyesho, akachota konzi moja kwenye kopo la kahawa.

Nikaangusha mikanda ya feni.

Nimefika uwanjani mbio. Hapakuwa na mtu. Kwenye meza ya nne palikuwa na bunduki ya tembo, miwani ya Royce vipande viwili, na kofia yake kwenye nyasi. Lyle akatokea, akanieleza. Royce aliishika kilegevu. Kama kikombe cha chai. Jicho karibu. Akaanguka na kiti. Damu nyingi, ameshonwa nyuzi tano juu ya nyusi, na kwa dakika nzima hakuona kwa jicho la kulia.

Na ni nani aliyempeleka kliniki? Preston! Alimfunga kichwa kwa koti lake mwenyewe, akamwendesha hadi mjini. Kwa nini hakunipigia mimi? Kliniki naijua. Nimempeleka Royce mwenyewe mwaka alipokanyaga mtego. Koti ninalo.

Nimesoma tena niliyoandika hapo juu. Ni kweli nilipaswa kuwaza jicho kwanza. Nililiwaza. La pili, lakini nililiwaza.

Jumatano, 13 Septemba

Royce hapokei simu. Nimepiga mara tisa. Ya kumi alipokea Preston, akasema mgonjwa amelala. Mgonjwa! Anamjua miezi minne!

Ardith ameniketisha kwenye kiti cha jikoni. Alikuwa amelikuta boksi, amelikuta kopo, amefungua kitabu changu cha vipimo, ukurasa umekunjwa pale pale. Tena leo asubuhi alimwona Mama Thorvaldson barabarani akisukuma mashine yetu kuipeleka kuwekewa mafuta. Sikuwa na trekta la kutosha kueleza yote hayo.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema, "Verlin, ungempofusha rafiki yako kwa sababu ameongea na mtu mwingine." Kisha akatoka nje kuchuma matufaha.

Sikula.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimekwenda. Ardith alinipa pai ya tufaha, bado ya moto, akanifungulia mlango wa gari kana kwamba nikiufungua mwenyewe nitakimbia.

Royce alitoka barazani. Jicho limevimba, nyuzi tano nyeusi, hilali juu ya nyusi. Nami nina ya kwangu, imeanza kukauka. Tukasimama tukitazamana, nusu duara kwa nusu duara. Yeye ndiye aliyeanza.

"Boneti ya trekta, siyo?"

Nikasema hapana.

"Ulijua inavyopiga."

Nikasema nilijua.

"Ukanifundisha niishike kama kikombe."

Nikaanza kueleza kuhusu baruti nyepesi, kwamba sikuwa na nia, kwamba zile kali nilizitenga. Akanikatiza. Akasema daktari amemwambia, nusu kidole tu chini zaidi na angekuwa anavaa kitambaa jichoni maisha yake yote. "Mimi na wewe tunabeba bunduki zilizojaa kwenye mlima mmoja, Verlin. Nakupa mgongo wangu. Nakuamini kwa sababu hujawahi kunidanganya kuhusu bunduki. Mambo mengine unanidanganya kila wiki, sijali. Bunduki, hapana."

Sijawahi kuambiwa neno zito kama hilo. Pai ilikuwa inaniunguza mikono, sikuthubutu kuiweka chini. Nikasema samahani. Nikasema tena. Akaniuliza, kwa nini? Kwa nini hasa? Nikatazama viatu. Nikasema, "Ulimuuliza kama anapenda milima."

Akanitazama muda mrefu kwa jicho lake moja zima. Halafu akakaa kwenye ngazi, akanyoosha mguu wa kushoto polepole, kwa mikono miwili. Akaniambia goti limekwisha. Atafanyiwa upasuaji wakati wa masika. Oktoba ataweza kutembea, lakini hataweza kubeba. Na kulungu akianguka bondeni ni ratili mia mbili na zaidi za nyama za kupandisha mgongoni. Nani angezibeba? Mimi. Peke yangu, na mgongo wangu huu ambao nyakati za asubuhi hunifanya nifunge viatu kwa awamu. Alijua nisingekubali kubaki nyumbani, na alijua nisingekiri kuumwa. Kwa hiyo alikuwa anatafuta mtu wa tatu mwenye mgongo. Preston kila asubuhi anakimbia maili tano.

"Nilikuwa nautafutia mgongo wako msaidizi, mpumbavu wewe."

Nilikaa ngazi ya chini yake. Kisha akaomba uma. Hakukuwa na uma. Tukala pai kwa mikono, robo tatu ya pai, na alipotaka kucheka nyuzi zikamvuta akapiga yowe.

Alisema bado ana hasira na itachukua muda. Nikasema sawa. Alisema hema litakuwa la watu watatu. Nikasema sawa pia.

Sijawahi kujiona mdogo hivyo, wala mwepesi hivyo.

Jumamosi, 16 Septemba

Leo nimefanya jambo la kiume. Nilisimama mbele ya meza ya nne nikawaeleza wote. Baruti nyepesi, vumbi, mashimo ya panya, yote. Lyle alisema walishajua tangu ile Jumamosi, risasi ya tembo haisemi pfff. Walinyamaza kwa sababu nilionekana nina furaha sana.

Hilo nililipokea vigumu kidogo.

Nikampa Preston mkono, nikamshukuru kwa kumpeleka Royce. Akasema si kitu. Nikamwambia koti nitamlipia. Akasema damu ilitoka na maji baridi, mkewe alimfundisha. Alisema hivyo akitazama pembeni, na nikaona kwamba Ardith alisema kweli, ni mtu mpweke. Nikamkaribisha chakula cha Jumapili, nyama ya kuoka na viazi. Akafurahi hadi nikaona aibu.

Bunduki ya tembo nimeiacha kwa Lyle auze. Mama Thorvaldson amekataa kurudisha mashine, anasema ni mara ya kwanza kitu cha marehemu kumletea faida. Ana haki.

Nimekuwa mtu mpya. Nimemwahidi Ardith, na nikaahidi kwa sauti: sitashindana tena na mtu yeyote kwa kitu chochote. Royce ni rafiki wa kila mtu. Moyo una nafasi. Hema lina nafasi. Nilikuwa kipofu kuliko yeye.

Jumapili, 17 Septemba

Chakula kilikwenda vizuri. Nilikuwa mtulivu. Nataka ijulikane kwamba nilikuwa mtulivu mchana kutwa.

Preston alikuja na mbwa. Kamnunua jana jioni, jike, miezi mitano, madoadoa ya kahawia, masikio laini. Wa kuwindia ndege. Hatukuwa tumeambiwa kuna mbwa. Royce, ambaye hawezi kupiga goti, alipiga goti. Juu ya zulia langu! Alikaa huko chini dakika ishirini na tano anamkuna tumbo. Akamwita "binti yangu". Akamwuliza, mbwa, kama anapenda milima.

Nilipakua viazi. Ardith aliniangalia, nikamtabasamia.

Baada ya wageni kuondoka nilikwenda gereji kupanga vitu, nikakuta gazeti la matangazo, nikapiga simu moja tu, ya kuulizia. Yupo bwana mmoja nje ya Great Falls ana mbwa wa kumtoa. Dume. Ratili mia moja na sitini! Mweusi, kichwa kama ndoo. Nimemuuliza kama anaweza kubeba mzigo mlimani, maana mimi nafikiria goti la Royce tu. Akasema mbwa huyo anaweza kubeba mlango. Aliubeba Ijumaa.

Ameniuliza mara tatu kama nina uzio. Nimesema uzio ni suala la mtazamo. Nikauliza bei. Akasema hataki hata senti. Anachoomba ni kwamba nifike kesho mapema sana, na nisipige honi, ili tumpakie kabla hajaamka.

Bure! Preston alilipa dola elfu moja na mia mbili kwa kile kijibwa chake.